Ministre wa ulinzi iko na kazi gani? Neno letu kutoka Kamango



Kila mara watu wanauawa huku kwetu, saa ile ile simu zinajaa sauti. Mmoja anatuma majina ya wafu, mwingine analia tu, wa tatu anauliza: «Na ministre wa ulinzi iko wapi?» Kesho yake mtu anaandika kwa herufi kubwa: AJIUZULU. Sisi pia tuliandikaka vile. Hata safari hii tulikuwa tumeanza barua ya kuomba waziri wa ulinzi wa taifa aache kazi. Tulikuwa tumefika ukurasa wa pili, wakati kamarade mmoja anayefundisha shule ya sekondari alituuliza: «Huyu mtu munataka atoke, kazi yake njo gani kabisa?»

Tulijibu haraka. Mmoja alisema ni mkubwa wa majeshi. Mwingine alisema ni yeye anatumaka askari. Mwingine tena alisema ni yeye anachagua makomanda. Mwalimu alifungua Katiba kwenye simu yake. Karibu wote tulikuwa tumekosea.

Barua tumeiweka kando kwanza. Tunaandika hapa kile tulichopata kwa kusoma na kwa kuuliza wazee, juu tunaona kutojua jambo hili njo kunafanya tunazunguka pahali pamoja miaka yote hii.

Muhesabu pamoja na sisi. Tarehe 11 mwezi wa saba 2013, ADF waliposhambulia Kamango, waziri wa ulinzi alikuwa Alexandre Luba Ntambo. Baada yake alikuja Aimé Ngoy Mukena, kisha Crispin Atama Tabe, kisha Ngoy Mukena tena, kisha jenerali Gilbert Kabanda mwaka 2021, kisha Jean-Pierre Bemba mwaka 2023, kisha Guy Kabombo Muadiamvita mwaka 2024. Watu sita, zamu saba, bila kuhesabu waliokaimu. Kati yao kuna wanasiasa wa kawaida, kuna daktari wa jeshi, kuna mkubwa wa zamani wa waasi. Kama kubadilisha mtu kungekuwa dawa, sisi wa Watalinga tungekuwa tumepona zamani.

Kwa makamarade wa Butembo na wa Beni mjini ambao hawajafika huku: Kamango iko kwenye sheferi ya Watalinga, teritware ya Beni, karibu na mpaka wa Nobili. Ngambo ni Bundibugyo. Ile wiki ya 2013 zaidi ya watu 60.000 walivuka kwenda Uganda, na godoro kichwani, na mtoto mgongoni, na mbuzi mwenye alipata bahati. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule ADF walirudi wakaingia tena Kamango. Na tarehe 22 mwezi wa tatu 2014 mashua iliyobeba wakimbizi wa Kongo waliokuwa wanarudi nyumbani ilizama kwenye Ziwa Albert. Zaidi ya watu 200 walikufa, kati yao watoto wengi. Hao hawakuuawa na panga wala risasi, ndiyo maana hakuna anayewatajaka kwenye hotuba. Lakini walikuwa kwenye maji juu ya vita.

Kisha kuna barabara. Kutoka Kamango kwenda Mbau ni kupita pori na daraja la Semuliki. Kwa miaka mingi mtu wa huku aliyetaka kufika Beni alipaswa kutoka kwanza inchi yake: Nobili, Bundibugyo, Fort Portal, Kasese, kisha kuingia tena Kongo kwa Kasindi. Unapita Uganda ili ufike kwenye makao ya teritware yako. Mtu wa Kinshasa ukimuelezea hii anafikiri unatania. Na kakao iko inaiva shambani, mwenye shamba anasikilizia kwanza kama kuna anayesema barabara iko sawa leo.

Sasa turudi kwa swali la mwalimu.

Kifungu cha 83 ya Katiba kinasema Rais wa Jamhuri njo komanda mkuu wa majeshi, na ni yeye anaongoza Baraza kuu la ulinzi. Amri ya kupigana haitoke kwa waziri. Inatoka kwa Rais, inashuka kwa mkuu wa majeshi yote, inapita kwenye zone ya ulinzi, inafika région ya 34 ya jeshi kwa Kivu ya Kaskazini, inafika Sokola 1 kwa upande wetu wa Grand Nord, hadi kwa komanda wa kikosi kilicho hapa karibu. Waziri haiko kwenye ule mstari. Komanda wa hapa hawezi kumpigia waziri simu aombe ruhusa ya kutoka kambini.

Basi waziri ni wa nini? Hapa njo tulishangaa. Kifungu cha 91 kinasema ulinzi ni eneo ambalo Rais na serikali wanafanyia kazi pamoja, na kwamba serikali ndiyo yenye majeshi mkononi mwake, sawa vile iko na polisi na utawala. Kisha kinasema serikali inajibu mbele ya Baraza la wadepite. Kifungu cha 188 kinaongeza kwamba jeshi haliko la siasa na liko chini ya utawala wa raia. Na huyo raia, kwa kila siku, ni waziri wa ulinzi: siasa ya ulinzi, bajeti, mshahara, chakula, mafuta ya gari, kuingiza askari wapya, kambi, hospitali za jeshi, wajane na yatima wa askari, askari wa zamani, na mapatano na majeshi ya inchi zingine. Komanda anasema askari waende wapi. Waziri anapashwa kuhakikisha wako na viatu, wako na risasi, wamekula, na kwamba idadi iliyoandikwa Kinshasa ni watu wenye kuwa na miguu na mikono.

Musione hiyo ni kazi ndogo. Kila mtu aliyeishi karibu na kambi anajua: askari asiyelipwa, na bibi yake na watoto wako naye palepale, atakula wapi? Atakula kwenye shamba la mtu. Ataweka kamba barabarani aombe mia tano. Na usiku risasi zikilia upande wa pili wa mto, unataka huyo akimbilie kifo juu ya nani?

Rais hajibu mbele ya wadepite. Hawawezi kumuita na kumuuliza, Katiba haiwaruhusu. Waziri wanaweza. Kifungu cha 138 kinawapa swali la maandishi, swali la mdomo lenye mjadala au bila mjadala, interpellation, na kamisheni ya uchunguzi. Na wakiona majibu ni ya uongo, moja ya kumi ya wadepite wanaweza kuanzisha mosioni juu ya waziri mmoja tu, bila kuangusha serikali yote. Baraza liko na viti 500. Ni saini 50. Kwa hiyo katika jengo lote lile la ulinzi, ofisi hii njo mlango ambao raia anaweza kubisha kupitia mdepite wake na mtu akalazimika kufungua.

Na tuna wazo letu juu ya nini mlango ule umefungwa. Ukiangalia historia, utaona wakubwa wa inchi hii hawakupenda kamwe mtu mwingine akae kwenye kiti kile na nguvu za kweli.

Mwaka 1960 Patrice Lumumba alikuwa waziri mkuu, na ulinzi pia aliuchukua yeye mwenyewe. Tunaweza kumuelewa. Force Publique haikuwa na afisa hata mmoja Mukongomani. Siku tano tu baada ya uhuru jenerali Janssens aliandika ubaoni mbele ya askari kwamba mbele ya uhuru na nyuma ya uhuru ni sawa. Askari waliasi. Lumumba alimfukuza Janssens, akamuweka Victor Lundula mkubwa wa jeshi na Mobutu mkuu wa stafu. Tarehe 14 mwezi wa tisa, Mobutu alitangaza kwamba amewaweka wanasiasa pembeni. Jeshi lilikuwa na miezi mbili na nusu ya uhuru, tayari lilikuwa limemeza serikali iliyopaswa kuliongoza.

Mobutu mwenyewe hakusahau lile somo. Aliposhika inchi 1965, ulinzi alijiwekea yeye mwenyewe kwa miaka mingi. Wazee wetu wanaikumbuka ile DSP yake, walinzi wa Rais, walivyokuwa wanakula vizuri wakati askari wengine hawalipwe. Matokeo inchi yote iliyaona: mwezi wa tisa 1991 askari walianza kupora Kinshasa, na mwezi wa kwanza 1993 tena, kisa ni noti ya milioni tano za zaire ambazo walilipwa na wafanyabiashara wakaikataa. Jeshi la namna ile, AFDL walipokuja 1996, lilikimbia likipora njiani. Wazazi wetu walifunga milango zaidi juu ya askari wanaokimbia kuliko juu ya wale wanaokuja. Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa mwezi wa tano 1997, naye alijiwekea ulinzi.

Mwaka 2003 ikawa kinyume. Serikali ya mpito iligawanywa kati ya wapiganaji sawa nyama ya harusi, na ulinzi ulienda kwa RCD-Goma: kwanza Jean-Pierre Ondekane, kisha Adolphe Onusumba mwaka 2005. Huku kwetu tulikuwa chini ya RCD-K/ML na jeshi lake APC, sote tulipelekwa kwenye brassage. Lakini kila mkubwa alilinda watu wake. Mwezi wa sita 2004 Nkunda na Mutebusi waliichukua Bukavu, na wote wawili walitoka jeshi la chama kile kile chenye kiti cha waziri. Waziri hakuwa na mkono juu yao, ao mkono wake ulikuwa umefungwa, musomaji achague. Ni katika miaka ile EUSEC ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza 2005, ilisaidia kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri, ili pesa isipite tena kwa komanda. Walipohesabu, majina mengi hayakuwa na watu. Jambo lile dogo la kuhesabu watu, kwa maoni yetu, ni moja ya kazi chache za maana ofisi hii ilipata kufanyiwa, na ilihitaji wageni.

Hatutaki kupita bila kutaja zamu ya Bemba, juu iligawanya hata vijana wetu. Wengine walifurahi: mtu wa vita, atajua vita. Wengine walikumbuka mwisho wa 2002 na mwanzo wa 2003, wakati wapiganaji wa MLC na RCD-N walipoendesha kule Mambasa ile operesheni iliyoitwa «Effacer le tableau», na watu waliokimbia wakajaa Mangina, Oicha, Eringeti na Beni. La Haye ilimuhukumu Bemba 2016 juu ya mambo ya Afrika ya Kati, kisha rufaa ikamuachilia 2018. Juu ya Mambasa hakufunguliwa kesi pale. Sisi hatuko mahakama. Tunasema tu kwamba mama aliyekimbia Mambasa akaja kukaa Oicha, kisha akakimbia tena Oicha juu ya ADF, alikuwa na haki ya kuona mdepite anasimama na kumuuliza waziri yule: wale watu, utawalinda namna gani? Ubishi wote tuliusikia kwenye mitandao.

Sasa tufike kwenye mambo mawili ya hii miaka ya karibu.

Ya kwanza ni ile hali ambayo wote tunaiita «état de siège». Ilianza tarehe 6 mwezi wa tano 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri. Katiba inasema ni siku 30, kisha Bunge linaweza kuongeza siku 15, na 15, na 15. Imeongezwa hadi watoto walioanza primaire wakati ule wamekua nayo. Gavana ni jenerali, bourgmestre ni polisi, na raia alipelekwa kuhukumiwa na mahakama ya jeshi. Wenzetu 12 wa LUCHA waliokamatwa Beni mwezi wa kumi na moja 2021 walipewa mwaka mmoja wa jela na mahakama ya kijeshi. Mara nyingi aliyekuja mbele ya wadepite kuomba siku 15 zingine alikuwa waziri wa sheria. Ni vizuri, ni mambo ya sheria pia. Lakini mtu mwenye angeeleza siku 15 zilizopita zilifanya nini porini ni wa ulinzi. Kamisheni ya ulinzi na usalama ya Baraza ilifanya kazi yake mwaka 2021, ikasikiliza mawaziri, ikaandika ripoti kali juu ya mpango na pesa. Ripoti ile ilikuwa ya kufuatwa na mosioni ao na mabadiliko. Ilifuatwa na siku 15.

Ya pili tuliiona kwa macho yetu. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2021 UPDF walianza Shujaa pamoja na FARDC. Mabomu yalilia asubuhi, kisha askari wa Uganda wakapita Nobili na Kamango na magari yao. Watu wengine walipiga makofi, tusidanganye. Watu waliochoka wanapigia makofi yeyote mwenye kuja na kifaru. Na kuna vijiji ambavyo tangu pale vimelala usingizi kidogo, tuseme pia. Lakini mapatano yale, kama ni kukaa muda gani, kufika wapi, nani anajibu kama bomu limeanguka kwenye shamba la mtu, raia wa hapa hajawekewa mbele ya macho. Mwezi wa pili 2022, wakati wako tayari hapa, Mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 juu ya vita ya 1998 hadi 2003, ile ambayo jeshi hilo hilo lilikaa Beni na Butembo. Mtu anaweza kuwa rafiki leo na kuwa na deni la jana, hakuna ubaya. Lakini mapatano na jeshi la kigeni ni karatasi ya ofisi ya ulinzi, na karatasi njo tunaomba.

Kuna kamarade atasema: munamlinda waziri, munataka kumpunguzia mzigo. Hapana. Tunamuongezea. Kupiga kelele «ajiuzulu» ni mzigo mwepesi kwake: anangoja remaniement, anatoka, mwingine anaingia na kusema amekuta mambo vile. Swali lenye tarehe, lenye mahali, lenye kiasi cha pesa, linabakia kwenye ofisi hata mtu akitoka. Mwezi wa tatu 2025 serikali iliamua mshahara wa askari na polisi uongezwe mara mbili. Vizuri sana. Je, askari aliyeko upande wa Semuliki anaupata wote? Kwa mwezi gani alianza? Hilo ni swali la kumuuliza waziri, na liko na jibu la ndiyo ao hapana.

Wengine watasema: wadepite wetu hawana nguvu. Inawezekana. Tunakumbuka pia kwamba mwezi wa kumi na mbili 2018 Beni na Butembo tulinyimwa kura ya Rais, kwa kisa cha Ebola na usalama, wadepite tukawachagua mwezi wa tatu 2019 wakati Rais amekwisha apishwa. Tunajua kudharauliwa. Lakini tangu Goma ilipochukuliwa mwezi wa kwanza 2025 na utawala wa provinsi ukahamia Beni, wakubwa wako karibu na sisi kuliko wakati wowote, na macho ya Kinshasa yote yako upande wa M23. Tukinyamaza sasa, vita ya huku itakuwa vita ndogo ambayo haina waziri.

Tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 2017 askari 15 wa Tanzania walikufa kwenye kambi ya MONUSCO ya Semuliki, kwenye barabara yetu hii. Umoja wa Mataifa uliunda timu ya uchunguzi ndani ya wiki chache. Tuliwalilia wale vijana, walikufa kwetu. Na tuliona kwamba uchunguzi unawezekana, hata porini, hata kwa barabara mbaya, kama kuna ofisi inayopashwa kumjibu mtu.

Kwa hiyo tumefanya hivi. Tunaandika maswali kwa wadepite wa taifa waliochaguliwa teritware ya Beni, Beni mjini na Butembo, wayapeleke kwa waziri wa ulinzi kama swali la mdomo lenye mjadala, kwa kifungu cha 138. Tunataka maswali machache, matatu ao manne: mapatano ya Shujaa, mshahara wa askari wa mstari wa mbele, barabara ya Mbau–Kamango inalindwa na nani na kwa saa gani, na wajane wa askari waliofia huku. Kabla ya kutuma, tunahitaji ninyi. Mwenye kujua tukio, alete: siku gani, kijiji gani, nani alipigiwa simu ya onyo, saa ngapi, askari walifika saa ngapi. Mjane wa askari mwenye karatasi za bwana yake, alete kopi, orijinali akae nayo. Musiandike majina ya mashahidi kwenye grupu, na musitume sehemu jeshi lilipo sasa hivi, hata kama mumekasirika: ADF nao wako na simu.

Tutakutana siku ya posho, kisha soko la Nobili, kule tulikutania mara ya mwisho. Mwalimu atakuja na Katiba, safari hii ya karatasi.